Choo cha Kadundo na Njia Zake Mbili

Siku ya kuniaga ofisini walinipa blanketi zito. Wanaoijua Kisumu na joto lake wataelewa kwamba zawadi hiyo ilitoka moyoni, wala haikuzingatia hali ya hewa. Nililipokea kwa mikono miwili na kusikiliza hotuba. Baadaye, tukinywa soda, vijana walioajiriwa juzi katika idara yetu ya maendeleo ya jamii walinijia na ombi: niwaandikie kazi hii inavyofanywa. Nikawaambia vitabu vipo. Achieng, ambaye sasa anakalia kiti changu, akanijibu, "Madam, vitabu tumesoma. Tuandikie yale uliyoyaona."

Basi nitajaribu. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa nitayaacha, kwa kuwa hayo mtayasikia jikoni kwa mama wa chai, tena kwa ufasaha kuliko wangu. Mengi ya nitakayosema yanahusu mahali pamoja, bichi ndogo ya wavuvi inayoitwa Kadundo, mbele ya Dunga ukiufuata ufuo. Nimefanya kazi pia Awasi na sehemu nyingine kadhaa, na kote nimepata watu wema. Lakini mtu akiniuliza nilisomea wapi kazi hii, namjibu Kadundo.

Nilipofika Kisumu nikitokea kwetu Maragoli, mkubwa wangu alikuwa Bwana Odera, mtu mrefu, mpole, aliyetembea na mfuko wa nailoni uliojaa vifuniko vya soda. Nilidhani anawaokotea wajukuu. Siku ya kwanza aliniketisha akaniambia, "Kila mahali penye watu kuna kitu kinachoendelea bila sisi. Kitafute hicho kwanza. Ukikianza chako kabla hujakiona chao, utakuwa unajenga juu ya shamba la mtu." Kisha akanituma Kadundo kuongoza baraza. Hakuniambia kitu kingine, na sasa ninaamini alinyamaza makusudi.

Nilifika asubuhi. Viti vilipangwa vizuri chini ya banda la samaki, na vyote vilikuwa vitupu. Chifu mdogo aliniambia tangazo lilisomwa kanisani mara mbili. Tukangoja. Mbele yetu wanawake walikuwa wameinama wakitandaza omena juu ya nyavu kuukuu, na hakuna aliyeinua kichwa. Mwishowe mmoja wao, mwanamke mnene mwenye kitenge cha manjano, alijinyoosha kiuno akanitazama kama unavyomtazama mgeni aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo yenyewe.

"Madam, unangoja nani?"

"Ninangoja baraza."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Akaja akaketi kwenye kiti kimojawapo, nadhani kwa kukihurumia. "Sikiza, nyar Maragoli," alisema, maana yake binti wa Maragoli, na jina hilo sikulivua tena. "Sasa hivi ni giza. Wanaume wametoka ziwani alfajiri, wamelala kama magogo. Sisi tuko na omena. Hii isipogeuzwa jua likiwepo, jioni inanuka, na ikinuka hata bata hataki. Wewe rudi wakati mwezi umejaa. Hapo utatupata mpaka utuchoke."

Wale ambao hamkukulia ufuoni, niwaelezee. Omena ni vidagaa, na huvuliwa kwa taa. Usiku wa giza, taa ikiwaka juu ya maji, omena huifuata na wavu huizingira. Mbalamwezi ikitanda, taa haina kazi, na wavuvi hukaa nyumbani wakishona nyavu na kugombana na wake zao. Kwa hiyo mwezi wa Kadundo una nusu mbili, nusu ya kazi na nusu ya maneno. Mwanamke yule aliitwa Mama Wilkista, na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaoanika omena. Niliporudi ofisini nilimkuta Bwana Odera ananingoja na chai. "Viti vilikuwa vingapi?" aliniuliza. "Vingi," nikasema. "Na watu?" Tukacheka pamoja. Tangu siku hiyo kalenda yangu ya ukutani ilikuwa ya aina ile inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na ndiyo hiyo nimemwachia Achieng.

Matumizi ya vifuniko vya soda niliyajua baadaye. Bwana Odera hakupenda kuanza mkutano kwa maneno. Aliwaomba watu wachore kijiji chao mchangani kwa kijiti: ziwa hapa, barabara pale, kanisa, shule, mti mkubwa. Majivu yalikuwa njia, na vifuniko vilikuwa watu. Mtu asiyethubutu kusema jambo mbele ya wengine huweza kusogeza kifuniko. Nimeona wamama wakiwahamisha wazee wa kijiji kwa kidole kimoja na mzee mwenyewe asiseme neno. Mimi nimetumia karatasi kubwa, kalamu za rangi, hata mashine za kurusha picha ukutani, na bado sijaona kifaa kinachoushinda mchanga. Kwanza mchanga haumtishi asiyejua kusoma. Pili, mtu akikosea anafuta.

Miaka ikapita. Bwana Odera akastaafu, nami nikarithi mfuko wake. Serikali za kaunti zikaja, nasi tukapata msimamizi wa wadi, mwakilishi, vikao vya maoni ya wananchi, na maneno mengi mapya. Kadundo iliendelea kuvua na kuanika. Hapo ndipo likaja jambo ninalotaka kuwasimulia.

Mvua ndefu ilikuwa inakaribia, na kipindupindu kilikuwa kimeonekana katika vijiji kadhaa vya ufuoni. Afisa wa afya ya umma wa eneo letu, Bwana Wafula, alizunguka bichi zote kwa pikipiki. Huko Kadundo alikuta watu wanajisaidia vichakani na kwenye matete, hatua chache kutoka mahali omena inapoanikwa. Akatoa ilani: bichi isipokuwa na choo kinachotumika kufikia mwisho wa mwezi, itafungwa. Hakutakuwa na kuvua hapo, wala kuanika, wala kuuza.

Mtu wa mjini akisikia bichi imefungwa anadhani watu watahamia bichi nyingine. Wavuvi labda, maana mtumbwi una makasia. Lakini mwanamke anayeanika omena ana nafasi yake mchangani aliyoipata kwa miaka, na bichi ya jirani kila nafasi ina mwenyewe. Mama Wilkista alikuwa na watoto wawili shuleni na wa tatu chuoni Bondo, na wote walisomeshwa na ule mchanga. Alinipigia simu asubuhi ile ile. "Nyar Maragoli, tunafungwa," alisema. "Na unajua kitu kinachoniuma? Choo tuko nacho."

Ni kweli, kilikuwepo. Wafadhili fulani walikuwa wamejenga choo kizuri cha matofali miaka ya nyuma, karibu kabisa na maji, kikiwa na milango miwili, wa wanaume na wa wanawake, na kibao cha marumaru ukutani. Ndani yake mlikuwa na nyavu, makasia na injini mbovu ya mtumbwi. Bwana Wafula alipoifungua milango ile alishikwa na hasira ya haki. "Mmejengewa choo mkakifanya stoo! Halafu mnaenda kwenye matete kama ndege!" Wanaume walitazama ziwa. Wanawake walitazama omena.

Nilikwenda mwezi ulipokuwa mpevu na mfuko wangu wa vifuniko. Tulichora bichi. Nikawaomba wanaume waende upande wao na wanawake wabaki upande wao, kila kundi na ramani yake, halafu nikawaomba wanawake wanionyeshe jinsi mtu anavyokwenda kwenye kile choo cha marumaru. Mama Wilkista akachukua vifuniko. Kimoja chekundu akakiweka mbele ya banda la samaki. "Huyu ni baba mkwe wangu. Anakaa hapa tangu asubuhi, na wazee wenzake." Kimoja cha kijani akakiweka mchangani. "Huyu ni mimi." Akakisukuma kile cha kijani polepole, kikapita mbele ya banda, mbele ya chekundu, mpaka kwenye milango iliyokuwa inatazama banda moja kwa moja. "Sasa niambie, Madam. Mimi nipite hapa, baba mkwe ananiona, anajua naenda kufanya nini. Niingie. Nikitoka, nikutane naye anaingia mlango wa pili. Nitaweka uso wapi?"

Mwanamke mwingine akaongeza, "Na mume wa binti yangu je, ambaye anauza samaki hapa? Mimi na yeye hata kikombe hatushiki kimoja!"

Wakaanza kucheka wote, kicheko cha watu waliobeba kitu kwa muda mrefu na sasa wamekitua. Kule kwetu Maragoli pia tuna heshima kama hizo, kwa hiyo sikuhitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa watu wa ufuo huu, mwanamke na baba mkwe wake, au mama na mume wa bintiye, wanapishana kwa staha maisha yao yote. Hawaketi pamoja ovyo, hawataji mambo ya mwili mmoja mbele ya mwenzake, na choo cha kugongana mlangoni hakiwezekani. Na kwenye bichi kama Kadundo, ambapo nusu ya wanawake wameolewa na wana na wapwa wa mzee mmoja, kila mtu ni mkwe wa mtu. Waliojenga kile choo walipima udongo, wakapima matofali, na nina hakika walifanya kazi safi. Hawakuwapima wakwe.

Sasa tulijua kinachohitajika: vyumba viwili vilivyotengana, kimoja kikitazama huku na kingine kule, na njia mbili zisizokutana. Mnaweza kudhani kazi ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo ilipoanza, na hapa nawaomba vijana wangu msome polepole.

Kwanza tulikwenda kwenye wadi. Msimamizi alitupokea vizuri. Akasema fedha za miradi hupangwa katika kikao cha maoni ya wananchi, na kikao kiko karibu, tuje tutoe hoja. Nikaangalia tarehe, nikaangalia kalenda yangu: giza totoro. Nikamwomba asogeze wiki moja. Akanionyesha ratiba ya bajeti, ambayo imewekwa na sheria na inafuatwa na kaunti nzima, na akaniambia kwa masikitiko ya kweli, "Madam, bajeti haingojei mwezi." Mama Wilkista aliiacha omena yake kwa dada yake akaenda peke yake. Aliwakuta watu wa juu, wakulima, wamejaa ukumbini na hoja yao ya daraja, ambayo pia ilikuwa hoja nzuri. Wakanyoosha mikono. Mkono wake mmoja haukuonekana.

Pili, afisa wa afya alisema choo kijengwe. Afisa wa mazingira, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya upole, akasema kando ya ziwa hakijengwi kitu, na choo cha shimo ndiyo kabisa, kwa sababu pale chini maji yako karibu na yaliyomo shimoni yataingia ziwani. Hata kile cha marumaru, alisema, hakikupaswa kuwepo. Niliwaomba waje siku moja, wakaja, wakaketi kwenye benchi moja chini ya banda la samaki. Kila mmoja alieleza sheria yake, na kila mmoja alikuwa sahihi. Mama Wilkista aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa adabu:

"Samahani, nyinyi wawili mlikuwa mnajuana?"

Ilibainika kwamba ofisi zao zilitazamana, zikitenganishwa na ua wa maua, na hawakuwa wamewahi kuketi pamoja.

Nimeshawasikia watu wakisimulia mambo kama haya ili wahitimishe kwamba serikali haina maana. Mimi sisemi hivyo. Bila Bwana Wafula, Kadundo ingengoja kipindupindu kiingie. Bila yule mama wa miwani, wangechimba shimo lao mahali pale pale na kunywa walichochimba. Ninachotaka mjue ni kwamba sheria mbili nzuri zinapokutana, mara nyingi pale zinapokutana hapana ofisi. Pana watu tu. Kazi yenu ni kwenda kusimama nao hapo.

Ikabaki njia moja: kupata ardhi ya juu, nyuma ya mpaka uliowekwa na sheria ya mazingira. Na ardhi ya juu iliyokuwa karibu ilikuwa ya mtu mmoja, Mzee Ochola. Mzee Ochola ndiye yule wa kifuniko chekundu, baba mkwe wa Mama Wilkista.

Oneni shida yake. Mwanamke huyu, ambaye angeweza kuwakemea wavuvi wazima wakatulia, alihitaji kiwanja cha choo kutoka kwa mtu ambaye mbele yake hawezi hata kulitamka neno choo. Nikamuuliza kuhusu mumewe, Ouma. Alikuwa visiwani akivua. "Na hata angekuwepo," alisema Mama Wilkista, "mwana kumwomba baba ardhi wakati baba yuko hai, si ni kumwambia anachelewa kufa?" Wapwa nao walikuwa katika hali hiyo hiyo. Wakanitazama mimi. Mgeni ana faida zake.

Tulikwenda nyumbani kwa Mzee alasiri, mimi na wavuvi wawili wazee wa rika lake. Mama Wilkista alikuja pia, lakini aliketi mbali, nje ya ua karibu na jiko la mama mkwe wake, akichambua mboga ambazo hakuna aliyemwomba achambue. Mzee Ochola alikuwa mtu mkavu, mwenye masikio makubwa na fimbo aliyoitumia kuonyeshea vitu, si kutembelea. Nilieleza kwa mzunguko, kama inavyofaa. Nikasema bichi ina tatizo la usafi. Nikasema serikali inataka jengo. Nikasema jengo linahitaji mahali pa juu.

"Jengo gani?" aliuliza Mzee.

"Jengo la... afya, Mzee."

"Zahanati?"

"Dogo kuliko zahanati."

Wazee wenzake wakakohoa. Mzee akatazama upande wa jiko, akatazama pembeni haraka. Alikuwa ameelewa tangu neno la kwanza. "Nani amekutuma, nyar Maragoli?"

"Bichi imenituma, Mzee."

"Bichi ina mdomo?"

"Ina midomo mingi. Lakini mingine haiwezi kusema mbele yako kwa sababu inakuheshimu."

Aliigongesha fimbo chini. Nilisikia kisu cha mboga kimesimama kule jikoni. Kisha akasema lile lililokuwa likimsumbua kweli, na halikuwa choo. "Serikali ikijenga kwako, kesho inakuja na hati, inasema hapa ni pake. Hapa amelala baba yangu. Mimi sitii sahihi."

Hofu yake haikuwa ya bure. Wadi ilikuwa imetuambia wazi kwamba fedha za umma haziwezi kujenga juu ya ardhi ya mtu binafsi. Lazima ardhi iandikwe jina la umma kwanza. Ni sheria ya busara, inazuia wakubwa kujijengea nyumba kwa fedha zetu. Lakini ilimaanisha kwamba Mzee akikataa sahihi, hata tungeshinda kikao cha mwaka unaofuata, tusingepata hata tofali. Nikamweleza hivyo hivyo, bila kupunguza. Nikamwambia, "Mzee, ukitoa kwa neno tu, serikali haitajenga. Bichi yenyewe ndiyo itajenga."

"Wataweza?"

Nikafungua mdomo, lakini sikupata nafasi. Kutoka kule jikoni, mtu aliyekuwa ametupa mgongo, akizungumza na mboga zake, alisema kwa sauti ya kutosha, "Wanaoulizwa kama wataweza, wanaweza."

Nilidhani Mzee atakasirika. Aliinua fimbo akaonyesha kona ya shamba lake, penye mwinuko wa mawe. "Pale mihogo haikui," alisema. "Mchukue. Lakini wanaume wafuate njia ya huku, mlango utazame ziwa. Kina mama wafuate njia ya kule, mlango utazame mlima. Na katikati mpande ua mrefu. Sitaki kuona mtu. Sitaki kuonwa."

Hakuna mchoraji ramani ambaye angeweza kusema vizuri zaidi.

Ilani ya Bwana Wafula ilikuwa inakwisha kabla mwezi haujajaa tena, na giza lilikuwa limetanda. Wanaume walikuwa ziwani. Kama wangeacha kuvua ili wachimbe, nyumbani hakungepikwa. Nilimweleza Bwana Wafula kuhusu mwezi na taa, akanisikiliza akiwa ameukunja uso. Akasema hana mamlaka ya kuongeza siku. Kweli hakuwa nayo. Siku ya ilani ilipofika, hakuonekana. Nilimpigia simu. "Madam, pikipiki yangu imeharibika," alisema. "Fundi anasema ni ugonjwa mgumu. Itapona mwezi ukijaa." Akakata simu. Nimefanya kazi na watumishi wengi wa serikali na nimewasikia wakitukanwa sana. Kila nikisikia hivyo, naikumbuka ile pikipiki.

Mwezi ulipojaa nilishuhudia jambo ambalo bado linanifurahisha. Wavuvi walipanda mwinuko ule na sururu. Pale juu pana mwamba, na shimo halikukubali. Wakawasha moto juu ya jiwe, wakamwagia maji, likapasuka, kama babu zao walivyofanya. Wanawake walibeba mchanga na matofali kwa mstari, wakiimbiana mafumbo ya kuwadhihaki wanaume waliopumzika. Kile choo cha marumaru kilibomolewa kwa heshima, shimo likafukiwa kwa kifusi, mabati yakahamishwa. Milango ilitengenezwa na fundi wa mitumbwi, na kwa kuwa alijua kazi moja tu, aliitengeneza kama ubavu wa mtumbwi, mbao zimeunganishwa kwa misumari na pamba ya kuziba nyufa, zikapakwa rangi ya buluu na nyeupe. Mvua ikinyesha, haipenyi tone. Vijana walimcheka wakamuuliza kama ameweka na kasia.

Mambo hayakuwa matamu yote. Kulikuwa na ugomvi kuhusu nani atafagia, na mvuvi mmoja alitaka upande wa wanaume uwe mkubwa kwa sababu, alisema, wanaume wana miguu mirefu. Mama Wilkista alimjibu jibu ambalo sitaliandika.

Pikipiki ya Bwana Wafula ilipona mabati yalipokuwa yanapigiliwa misumari ya mwisho. Alipanda njia ya wanaume, akashuka, akapanda njia ya wanawake baada ya kuomba ruhusa, akasimama akatazama ua mchanga wa minyaa uliokuwa umepandwa katikati. Akamuuliza Mama Wilkista, "Na mtakitumia hiki? Au nitakuta makasia?"

"Bwana Wafula," alimjibu, "keti hapa chini mpaka jioni. Utahesabu mwenyewe."

Hakuketi. Aliirarua ilani akaitia mfukoni, na Kadundo ikabaki wazi.

Tangu hapo ziwa limepanda. Limefunika mahali penye banda la zamani na mahali palipokuwa choo cha marumaru. Kile kibao, nasikia, kipo chini ya maji na samaki aina ya ngege wanataga karibu nacho. Choo cha juu kipo. Shimo lake lilipojaa, watu wa Kadundo waligundua kikomo cha uwezo wao pia, kwa sababu kuna gari la kunyonya majitaka ambalo hakuna kijiji kinachoweza kulinunua. Kaunti ndiyo inayo, na kaunti ndiyo huleta. Msimamizi wa wadi naye, ambaye hawezi kusogeza tarehe ya kikao cha bajeti, sasa huja Kadundo kabla ya kikao, wakati wa mbalamwezi, kuchukua hoja za bichi ili azifikishe mwenyewe. Hakuna sheria inayomtaka afanye hivyo. Hakuna inayomkataza pia. Vijana wangu, sehemu kubwa ya kazi njema niliyoiona ilifanyika katika nafasi hiyo.

Baada ya sherehe ya ofisini, Kadundo nao waliniaga, mwezi ukiwa mpevu, na hawakunipa blanketi. Walinipa omena kavu kiasi ambacho majirani zangu bado wanakula. Mzee Ochola, ambaye sasa fimbo anaitumia kutembelea, aliomba aseme neno. Aliletewa kiti. Mama Wilkista alikuwa ameketi nyuma kabisa na wanawake wenzake, kama ipasavyo.

"Huyu nyar Maragoli," Mzee alisema, "alikuja kwangu akaniomba mahali pa jengo. Nikampa. Jengo likajengwa, na mke wa mwanangu ndiye aliyesimamia, na bichi haikufungwa, na watoto wamesoma." Akaishika fimbo yake vizuri. Ufuo mzima ulikuwa unangoja, wengine wameshafunika midomo kwa viganja. "Mpaka leo mimi sijui jengo lile ni la nini, na asiniambie mtu."

Kicheko kilichopasuka nadhani kilisikika mpaka Dunga. Nikageuka kumtafuta Mama Wilkista. Alikuwa amejifunika uso kwa leso yake, mabega yakimtikisika. Alipotulia alimjibu baba mkwe wake kwa mara ya kwanza hadharani tangu nimjue, akiwa ametazama ziwa.

"Ni stoo, Baba," alisema. "Stoo tu."